Maji Yote Yalimwagwa Kwetu

Mume wangu hunicheka kila tunapoalikwa mahali, kwa sababu siwezi kutoka nyumbani bila chupa ya maji kwenye mkoba. Si maji ya kunywa. Ni maji ya AC, yale yanayodondoka kwenye kimpira pale balkoni, na mimi huyakinga kwa ndoo tangu asubuhi. "Tunaenda kwa watu wa Lusail," aliniambia juzi, "watu wanaofungulia maji ya bustani kwa simu, na wewe unawapelekea maji ya AC." Nikamwambia atazame barabara.

Mwenye bustani ni mama mmoja mkarimu ambaye kila mwaka joto likishaanza, kabla hajasafiri, hufungua geti lake jioni moja ili yeyote anayependa mimea aingie atembee. Wenzangu kazini ndio walionipa habari. Tulipofika walikuwa wamemaliza kumwagilia punde tu. Ile harufu ya maji yakigusa saruji iliyoshinda juani ikaniingia puani, na kwa muda sikuona maua wala watu. Niliona paa la nyumba yetu ya zamani kule Najma, na mama yangu ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia.

Kama umelelewa Doha na umri wetu ni mmoja, hizi vila kuukuu za Najma unazijua. Ilikuwa nyumba ya familia moja, kisha ikakatwakatwa vyumba, kila chumba na mlango wake na AC yake inayonguruma. Sisi tulikuwa na chumba kimoja na jiko la kubana. Jirani mmoja alikuwa fundi cherehani, wa pili sikuwahi kumwona usoni, nilijua tu viatu vyake. Na tulikuwa na ngazi ya kupanda juu ya paa, lile la bapa lenye matangi ya maji, na huko ndiko kulikuwa na bustani ya Mama.

Nasema bustani, lakini zilikuwa ndoo za rangi zilizotobolewa chini, zimepangwa kwenye kivuli cha matangi, na wavu wa kijani umefungwa juu. Sukuma wiki, kunde, dhania, pilipili za Baba, na ndoo moja kubwa ya managu. Hayo managu ndiyo yalikuwa roho ya Mama. Mbegu alipewa na nyanya yangu kule Bungoma, akazifunga kwenye pindo la leso akapanda nazo ndege. Mama alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, lakini ukichezea ile ndoo ya managu ungemwona mtu mwingine.

Kutunza mboga Doha wakati wa joto ni ukaidi tu. Matangi yakishapigwa na jua, maji ya bomba yanatoka yakiwa ya kupikia chai. Nyumbani kwetu Mama alizima hita, na yale maji yaliyotulia ndani ya hita ndiyo yakawa ya baridi, kwa hiyo mimi nilikua nikijua kwamba bomba lenye alama nyekundu ni la baridi na la buluu linaunguza. Siku nilipoogea kwa mjomba Nairobi mara ya kwanza niliungua bega, na binamu zangu hawajaacha kunisimulia. Sasa mtu akimwagia miche maji ya bomba saa za mchana, ameichemsha. Ndiyo maana maji ya AC yalikuwa mali. Yanatoka yakiwa ya baridi, na hayana mwenyewe. Kila mama wa kwetu aliyekuwa na mmea alikuwa na ndoo chini ya AC, na ile ndoo watoto tulikatazwa hata kuoshea mikono.

Hapo ndipo ilipoanzia ile desturi yao ya Ijumaa. Kanisani tulienda Ijumaa asubuhi, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko huku. Nilikuwa nimeshaanza darasa la kwanza nikiamini Ijumaa ni jina tu ambalo Waarabu wameipa Jumapili. Mchana watu walilala. Adhana ya magharibi ikishaisha na jua limeshazama, akina mama walikusanyika na kwenda kutembelea bustani ya mmoja wao, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Wakenya wengi, Waganda wachache. Hakuna aliyepeleka keki wala soda. Kila mmoja alibeba chupa ya maji ya AC aliyokinga kwake.

Walifika, wakasalimiana, wakaanza kuzunguka ndoo kwa ndoo. Mama Chebet alikuwa ndiye mkubwa wao, nesi mrefu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Yeye hakusifu kitu kabla hajatia kidole kwenye udongo. Wote walifanya hivyo, kidole kinazama, kinatoka, wanakipangusa kwenye leso bila kusema neno. Kisha ndipo wanapoanza maneno yao. "Hizi kunde unazilisha nini, mwenzetu? Au unazisomea zaburi?" Wakicheka, wakinyang'anyana majani ya kwenda kupika. Na mwisho kabisa, kabla ya kushuka, kila mmoja alifungua chupa yake akamwaga maji kwenye ndoo aliyoichagua. Wengine walimwaga yote, wengine kidogo tu, wakafunga chupa wakarudi nayo.

Mimi nilikuwa na miaka saba na nilielewa kila kitu. Ndivyo nilivyodhani. Shuleni mwalimu wetu alikuwa ametuchagulisha kiongozi wa darasa kwa vifuniko vya soda, kila mtoto anatumbukiza kifuniko chake kwenye mkebe wa anayemtaka. Basi nilipoona watu wazima wanamwaga maji, nilijua wanapiga kura. Kura ya nini? Hilo nalo nilikuwa nalo. Nilimsikia Mama Chebet akimwambia Mama, wakichambua sukuma: "Unakumbuka bustani ya Mama Kevo ilivyokauka? Haukupita mwezi, wakarudi nyumbani." Yalinitosha. Bustani isiyopata maji, wenyewe wanarudishwa Kenya. Bustani inayopata maji, wenyewe wanabaki Doha. Hakuna aliyenifundisha, na kwa sababu hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyenisahihisha.

Na mimi nilitaka kubaki. Nyumbani kwa nyanya nilikupenda, lakini Doha ndiko kulikokuwa na Baba. Watoto wengi niliowajua waliishi na mama tu, au na nyanya, na baba yao ni sauti ya simu. Mimi wangu alirudi kila jioni, akavua viatu mlangoni, akaniuliza nimekula nini. Sikutaka Baba wa simu.

Ijumaa ya kwanza niliyoifuatilia kwa makini ilikuwa kwa Anti Nakato. Alikuwa Mganda, hana mtoto, mnene wa kupendeza, anafanya kazi kwenye chumba cha mashuka katika hoteli moja ya Al Sadd. Bustani yake ilikuwa nyuma ya nyumba, na hadi leo sijaona ya kuizidi. Nyanya zimefungwa kwenye vijiti kwa vipande vya mashuka meupe, mchicha umeshonana, hata mgomba mmoja mfupi wa majivuno tu. Akina mama walimsifu mpaka akaona haya. Kisha wakafungua chupa zao na kumwaga tone, tone, kama wanaomwonjesha mtu dawa. Mama Chebet hakufungua hata kifuniko. Niliona unafiki mkubwa sana siku ile. Wanakula kwa macho, wanasifu kwa mdomo, halafu kura hawampi.

Nilimfuata Anti Nakato jikoni na kumpa peremende yangu ya mwisho, ya chungwa, iliyokuwa imeshika vumbi kidogo mfukoni.

"Pole, anti," nikamwambia.

"Bambi, pole ya nini?"

Bambi ndilo neno lake la huruma, alilitumia hata kwa sufuria ikianguka. Sikutaka kuwa mimi wa kumpa habari mbaya. Nikamwambia pole ya kila kitu. Akala ile peremende mbele yangu, na vumbi lake, akanishukuru. Wiki nzima niliomba asirudishwe Uganda kabla sijamaliza kumzoea.

Sasa, katikati ya siku hizo, Baba akawa likizo. Hivyo ndivyo Mama alivyoniambia: Baba yuko likizo. Alikuwa dereva wa basi la kupeleka wafanyakazi kazini, mtu wa kutoka kabla sijaamka, na ghafla nikawa ninamkuta kitandani asubuhi, amevaa vesti, anatazama dari. Kwangu ilikuwa sikukuu. Tulicheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Alinisuka nywele, vibaya sana, nikaenda nazo dukani hivyo hivyo. Jioni tulishuka hadi kibanda cha chai ya karaki kwenye kona, yeye akanywa taratibu na kutazama magari ya watu wengine yakipita, na mimi nikamhesabia rangi. Nilimwuliza kama likizo yake ni ndefu. Akasema, "Hiyo hata mimi sijui, mama." Nikafurahi zaidi.

Aliyebadilika alikuwa Mama. Aliacha kupanda juu. Ndoo ya AC ilijaa ikafurika, maji yakashuka ukutani hadi kwenye dirisha la fundi cherehani, naye akaja kugonga mlango, na Mama akasema samahani kwa sauti ambayo haikuwa yake. Mimi sikuruhusiwa kupanda paani peke yangu, kwa maana saruji ile ingenivua ngozi ya nyayo. Jioni moja nilipopanda na Baba kuanika nguo, nikaona majani ya managu yamelala pembeni ya ndoo. Sukuma zilikuwa na madoa ya njano. Nikatia kidole, kama wao. Udongo ulikuwa umeshika kama biskuti. Na Ijumaa iliyokuwa inakuja, zamu ilikuwa yetu.

Usiku huo sikulala vizuri, nikiwaza kura. Asubuhi nikamsikia Mama akiongea kwenye simu. "Mama Chebet, naona wiki hii msije. Hakuna cha kutembelea." Sauti ya Mama Chebet ilitoka kwenye ile simu hadi kwangu chini ya shuka: "Sisi tunakuja hivyo hivyo. Ukitaka funga mlango, tutakaa nje."

Wakaja. Kila mmoja na chupa yake, na nilivyokuwa ninaogopa niliona chupa zenyewe ni kubwa kuliko za siku zote, lakini huenda ni macho yangu tu. Walipanda ngazi wakisimuliana habari za kanisani. Walipofika juu wakaziona zile ndoo. Mama alisimama karibu na tangi, mikono imekunjwa, anatazama majengo ya mbali. Mama Chebet akainama kwenye ndoo ya kwanza, akatia kidole, hakikuzama. Akaenda ya pili. Wengine nao wakatia vyao, ndoo kwa ndoo, na leo hakuna aliyepangusa kidole kwa sababu hakikuwa na kitu cha kupangusa. Nilijua tumeshindwa. Nilishika gauni la Mama kwa nyuma.

Anti Nakato ndiye aliyeanza. Alifungua chupa yake akaimimina kwenye managu, taratibu, akizunguka shina, mpaka tone la mwisho, akaikung'uta. Mama Chebet akafuata. Kisha wote. Hakuna aliyebakisha, hakuna aliyefunga kifuniko. Walimwagia managu, sukuma, kunde, hata pilipili za Baba ambazo siku zote walizidharau. Maji yakapita kwenye udongo, yakatoka kwenye matundu chini ya ndoo, yakatambaa juu ya saruji ya moto, na ile harufu ikapanda juu yetu sote. Sijawahi kunusa kitu kizuri hivyo tena, ila juzi Lusail.

Mama alivuta ndoo tupu, akaipindua, akaiketia na kulia. Sikushtuka. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni wanawake wanaovikwa taji la urembo, na wote hulia. Anti Nakato alichuchumaa mbele yake akimwambia "bambi, bambi," na mimi nikaruka ngazi mbili mbili kwenda kumwambia Baba.

Nilimkuta chumbani. Sanduku letu kubwa, lile la safari, lilikuwa wazi kitandani, na yeye alikuwa anakunja gauni zangu. Nalo nililielewa mara moja. Alikuwa anajiandaa tu, iwapo kura zisingetosha. Baba alikuwa mtu wa kujiandaa.

"Baba, rudisha nguo kabatini. Tumeshinda."

"Tumeshinda nini?"

"Kubaki. Wamemwaga maji yote kwetu. Hata Anti Nakato, na yeye mwenyewe hakupewa."

Akanitazama. Alikuwa ameshika lile gauni langu la njano la kanisani, mikono imesimama. "Nani amesema mnabaki?"

"Wote. Wamepiga kura. Mama analia kwa furaha, nenda ukaone."

Hakwenda kuona. Aliketi kando ya sanduku, akashusha kofia yake ikamfunika macho. Nikadhani amesinzia. Mabega yake yakaanza kutikisika, na alipoinua kofia alikuwa anacheka, macho yamelowa. Akasimama, akalitundika gauni kabatini, akalinyoosha kola.

"Basi kama ni kura," akasema, "mimi ni nani nipinge."

Asubuhi alinyoa ndevu, akapiga shati pasi, akatoka. Likizo iliisha ghafla hivyo, na nilimnunia. Akawa anatoka kila siku na kurudi jioni amechoka, hadi siku Anti Nakato alipokuja mbio kwa miguu yake mizito kusema kwamba gari la kubeba mashuka ya hoteli yao halina dereva. Baba aliliendesha gari hilo hadi nikamaliza shule. Lilikuwa likinukia sabuni, naye akawa ananukia sabuni, na ukiniuliza baba ananukiaje nitakwambia sabuni ya mashuka.

Nilikaa na imani yangu miaka mingi. Mambo yalikuwa yamethibitika, ningeiachaje? Ni miezi michache tu kabla ya Lusail, nimeshazaa wangu, nilipokuwa likizo Bungoma, wazazi wangu walikostaafu, nilimtania Mama tukichambua mboga: nikamwuliza siku hizi bustani yake inapata kura ngapi. Hakunielewa. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaweka sinia chini.

"Kura gani? Sisi tulikuwa tunamwagia mwenye udongo mkavu. Sasa kidole kilikuwa cha nini? Nakato alikuwa na maji yake, tungemmwagia ya nini, tuozeshe nyanya za watu?"

Nikamkumbuka Anti Nakato na peremende yenye vumbi, nikaona haya peke yangu.

"Na ile Ijumaa ya kwetu," nikamwuliza, "walikuwa wanajua Baba amesimamishwa kazi?"

Akapangusa machozi ya kicheko. "Sikuwa nimemwambia mtu. Ningemwambia nani, na mimi ndiye niliyekuwa nikicheka na kila mtu? Walitia vidole tu, wakajua." Akavuta sinia tena mapajani. "Mimi na baba yako tulikuwa tumeshakata shauri. Wewe na mimi turudi kwa nyanya, yeye abaki kwenye kitanda cha kupanga na wanaume wenzake, atafute. Usiku ule ndio angekwambia. Alikuwa amejipanga maneno kutwa nzima. Halafu wewe ukaingia na kura zako."

Baba alikuwa pale nje akifunga kuku, na kwa jinsi alivyokohoa nilijua anasikia.

Basi Lusail. Nilizunguka ile bustani yote na chupa yangu mkononi. Maua ya makaratasi ya zambarau yamefunika ukuta, nyasi za kukanyaga pekupeku, mimea ambayo hata jina siijui. Na nikatia kidole, bila aibu, kwenye kila chungu nilichopita. Kote kulikuwa kumelowa. Mume wangu alinifuata nyuma akinong'ona kwamba leo nitarudi na maji yangu, akafurahi mwenyewe. Mwenye nyumba alitupa juisi ya ndimu, nikamsifu kwa moyo wangu wote, kwa maana bustani yake ilistahili.

Tulipokuwa tunatafuta mahali pa kurudishia glasi, tukapita upande wa nyuma, penye mlango wa jiko. Pale kwenye ukuta, mahali ambapo wageni hawafiki, kulikuwa na ndoo ya rangi iliyotobolewa, na ndani yake managu. Majani yalikuwa yamelala pembeni. Nikainama, nikatia kidole, hakikuzama.

Mlango ukafunguka na mama mmoja wa rika langu, mwenye aproni, akatoka na sinia. Akaniona nilivyoinama. "Hiyo si ya kuonyesha watu, dada," akasema kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa. "Hiyo ni yangu tu."

"Najua," nikamwambia, nikafungua chupa.

Akasimama na sinia lake akitazama maji yanavyozunguka shina. Mume wangu akaweka glasi zetu juu ya sinia hilo. "Wiki hii sijaweza," yule mama akasema baadaye, na sauti yake haikuwa ya mtu anayezungumzia mboga. Sikumwuliza ameshindwa na nini. Nilikung'uta chupa hadi tone la mwisho, nikamwuliza anaitwa nani, na kama Ijumaa huwa anapata nafasi. Akasema jioni, magharibi ikishapita. Nikamwelekeza kwetu, nikamwambia aje, na asisahau chupa.